Barazani kwa Bibi Mkunga: "Mama mkwe anarudi shamba, nami sijawahi kumwogesha mwanangu"

Barua ni nne safari hii. Ya kwanza ni ndefu, na jibu lake refu zaidi, kwa hiyo wale mnaosoma mkiwa kwenye daladala mtashuka kabla sijamaliza. Mtanisamehe.

Shikamoo Bibi. Nina miaka 24, ni fundi cherehani, tunakaa Nzuguni. Kwetu ni Muheza. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na hapa Dodoma sina ndugu hata mmoja. Mume wangu ni Mgogo wa Kongwa, kazi yake iko Mtumba, anatoka saa 12 asubuhi anarudi saa 2 usiku.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja. Bibi, sitaki kumsema vibaya, maana bila yeye sijui ningekuwa wapi. Alinikanda, akanipikia uji wa uwele, akafua mpaka mashuka. Lakini mtoto sasa ana miezi mitano na mimi sijamwogesha hata siku moja. Akilia mikononi mwangu, mama ananyoosha mikono: "Lete, wewe humuwezi." Nikimfunga nepi, anaifungua anafunga upya. Kwa ajili ya joto anamnywesha maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Joto hilohilo, na mtoto anavaa sweta na boshori, shingo yote vipele. Juzi alikohoa, mama akasema ni kimeo, na kijijini kwao yuko mzee anayekata.

Sasa anarudi Kongwa. Wenzake wameshamaliza kuberega, yaani kusafisha mashamba, na mvua zikimkuta huku mwakani atakula nini? Zimebaki wiki mbili. Badala ya kufurahi, usiku silali. Nikimwambia mume wangu anacheka: "Wanawake wote wanaweza." Bibi, mimi siwezi. Wakati mwingine nalia tu bila sababu.
— *Mama Kijana, Nzuguni*

Marahaba mjukuu wangu. Na mama mkwe wako nampa mbukwa yake, salamu ya Kigogo.

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimekwama palepale: "Lete, wewe humuwezi." Ukiambiwa hivyo mara nane kwa siku kwa miezi mitano, hata mimi niliyefanya kazi ya ukunga miaka 34 ningeanza kuamini.

Tena niliwahi kuamini. Mwaka 1981, Mpwapwa, mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa tayari muuguzi mwenye cheti ukutani. Asubuhi naogesha watoto wa watu wodini, jioni nikifika nyumbani mama mkwe amekwishamwogesha wangu, amempaka mafuta, amemlaza. Nikaona raha. Siku moja akapata msiba Gulwe, akakaa siku tatu. Siku ya kwanza nilimfuta mtoto kwa kitambaa, kama mgonjwa mahututi. Muuguzi mzima! Siku ya pili akajinyea mpaka mgongoni, kitambaa hakikufaa kitu, nikamtia kwenye beseni nikiwa nasema bismillahi, na mimi ni Mwanglikana. Akalia. Akanyamaza. Akaanza kupiga maji kwa mguu, akanilowesha uso. Siku ya tatu nilikuwa naimba.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, mwalimu alitutajia Albert Bandura, msomi mzaliwa wa Canada aliyefundisha chuo kikuu Marekani. Mwaka 1977 aliandika kwamba mtu huja kuamini kuwa analiweza jambo kwa njia nne: amelifanya likafaulu, ameona mtu wa hali yake akilifanya, ametiwa moyo na mtu anayemheshimu, na mwili wake umetulia, hautetemeki. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa nawaza beseni la Mpwapwa. Sasa itazame nyumba yako. Kuogesha huogeshi. Shoga mwenye kichanga huna. Anayekutia moyo hayupo, yupo anayekwambia humuwezi. Na usiku hulali. Njia zote nne zimezibwa, halafu unajilaumu kwamba hufiki.

Mama mkwe wako hana ubaya. Alikuja kumsaidia mtoto, kumbe mwenye kusaidiwa ni wewe. Anayemsaidia mama hushika ndoo, sufuria na ufagio, ili mikono ya mama ibaki na mtoto. Yeye alianza hivyo hasa, kwa kukukanda na kukufulia, kisha mikono ikapitiliza. Sote mabibi tuna ugonjwa huo.

Una wiki mbili, na zinatosha. Usimwambie "niachie mwanangu", utamvunja moyo na ataondoka na kinyongo. Mwambie hivi: "Mama, unaondoka. Nifundishe kumwogesha unavyomwogesha wewe, nisije nikakutia aibu." Hakuna mkwe atakayekataa kuwa mwalimu. Kisha muwekee kigoda pembeni ya beseni, akae, mikono mapajani, aseme kwa mdomo. Wewe ndiye utakayeshika.

Kabla hujamvua, kila kitu kiwe karibu: kanga ya kumkaushia, nepi, nguo, mafuta. Ukishamweka majini huendi kuchukua kitu, hata kama simu inaita, hata kama mume amesahau funguo. Maji yasizidi kina cha kiganja chako kilicholala kwa ubavu. Yapime kwa kiwiko. Kiwiko kikisema ni vuguvugu, inatosha. Mkono mmoja upite nyuma ya mabega yake, vidole vimshike chini ya kwapa la upande wa pili. Hapo hata akirusha miguu kama mbuzi hatoki. Kama maji ya mtaani kwenu ni ya chumvi kama ya kwetu, usihangaike kusugua mpaka sabuni itoe povu. Haitatoa, na ngozi yake itakauka bure. Dakika tano, mtoe. Atalia siku ya kwanza, kwa sababu mikono imebadilika. Siku ya nne ataizoea.

Wiki ya kwanza ogesha mama akiwa kwenye kigoda. Wiki ya pili mpe kazi ya heshima muda huohuo wa kuogesha: akufundishe kwa sauti, toka jikoni, nyimbo za Kigogo za kubembeleza. Anapika mlenda, anaimba, na wewe uko na mtoto peke yako chumbani bila yeye kujiona amefukuzwa. Nyimbo hizo mtazihitaji kweli, kwa sababu mtoto amezoea kulala kwa sauti hiyo.

Sasa yale matatu, maji, sweta na kimeo. Si ya uzito mmoja, kwa hiyo usiyapigie kelele sawa.

Sweta ni jambo dogo. Novemba ya Dodoma nguo moja nyepesi inamtosha mchana. Vipele vya joto vitapoa vyenyewe shingo ikipata hewa. Mguse mgongoni: ukiwa umelowa jasho, punguza. Boshori mwekee mama kwenye mkoba, aende nalo Kongwa kama kumbukumbu.

Maji ni jambo la kati. Maziwa yako karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto wa chini ya miezi sita joto likizidi hunyonya mara nyingi zaidi, basi. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo bila kumpa chakula, na ndicho mlango wa kuhara. Usibishane. Mpeleke mama kliniki siku ya kupima uzito, mwombe nesi alieleze hilo akiwa amesimama pale. Mkwe akielezwa na mkwe ni ugomvi, akielezwa na nesi ni elimu.

Kimeo ni jambo kubwa, na hapa nakaza sauti. Hakatwi. Kile kinyama cha kooni hakileti kikohozi, kila mtu anacho. Kwa miaka yangu 34 nimepokea watoto waliokatwa wakiwa wanavuja damu, nimepokea waliooza koo, na mmoja alikuja na pepopunda. Usiniambie mzee huyo ana mkono mwepesi. Mtoto akikohoa, mtulize, mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya homa ya mapafu, na safari ni ya zahanati siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa. Na hata bila kikohozi: akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, husubiri kuche. Ziandike hizo nne kwenye karatasi, uibandike karibu na cherehani. Ninakuhakikishia kwamba ukishajua lini na wapi pa kukimbilia, usingizi utarudi, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu yako ni kutojua kilio kipi ni kilio tu.

Mume wako naye asicheke. Sheria ya ajira ya 2004 ilimpa baba siku 3 za likizo ya uzazi, kwa hiyo simlaumu kwamba hajui. Alipokuwa anaanza kujua alikuwa ameshaitwa kazini. Lakini saa 2 usiku mpaka saa 4 ni zake. Akifika, aoge, ampokee mtoto. Wewe ulale, hata saa moja na nusu. Usimsimamie, na akifunga nepi kombo, iache kombo. Unajua sasa inavyouma mtu akiifungua.

Na kule kulia. Kama kunaendelea kila siku, kumefika wiki mbili, au umeanza kuwaza mambo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo yaweza kuwa sonona ya baada ya uzazi, ni ugonjwa na unatibika. Kawaambie kliniki kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na ukipatwa na mawazo hayo ya kudhuru usisubiri siku ya kliniki. Wakikupuuza, waambie tena.

Mwezi ujao mtoto anatimiza miezi sita: matone ya vitamini A, na kuanza kula. Hapo mpigie mama mkwe simu mwenyewe. Mwulize uji wa uwele aliokupikia aliuchanganyaje na karanga. Karanga zisagwe laini kabisa, uji uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko kikiinama, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa liendelee. Mlenda nao unafaa, ukiuponda. Ataijibu simu hiyo akiwa katikati ya shamba, na jembe ataliweka chini.

Bibi, nimepata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Jirani analea watoto nyumbani kwake, anachukua shilingi 2,000 kwa siku, hana kibao wala karatasi yoyote. Nimpeleke?
— *Ipagala*

Hapana, mpaka uone karatasi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinatakiwa kusajiliwa, na afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu ndiye wa kumuuliza. Labda jirani yako ni mtu mwema asiyejua tu, mwambie aende. Akishasajiliwa, nenda saa 8 mchana bila kumwarifu, usimame mlangoni kimya. Hesabu watoto, hesabu watu wazima, angalia kama geti linafungwa, choo kikoje, na nani amewasha televisheni. Mtoto akianza kukataa kwenda na anakuwa mwoga wa mtu fulani, msikilize yeye kabla ya jirani. Simu 116 ni ya bure, ni ya mambo ya watoto.

Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni fundi viatu, karibu na soko la Sabasaba. Mke wangu anafuata vitenge Kariakoo. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 anakwenda kila wiki, analala huko siku mbili. Binti yetu ana mwaka na miezi saba, siku hizo anakaa nami kibandani. Nilimpeleka chanjo ya miezi 18. Nesi akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikasema amesafiri. Akamchoma sindano, akaandika kadi, akasema, "Mwambie mama yake aje tumweleze." Dada yangu naye kila akipita anasema mtoto ananuka gundi, anataka kumpeleka Bahi kwa bibi yake. Wenzangu wananiita yaya. Nimeanza kufikiri wana haki.
— *Baba wa Binti*

Marahaba mwanangu. Dada yako ana haki kwenye jambo moja, gundi. Mvuke wake haumfai mtoto, na kibanda cha fundi kina misumari, kisu cha kukatia soli na, ninavyowajua mafundi, petroli kwenye chupa ya soda. Hiyo chupa iondoe leo. Mtoto wa umri wake akiona chupa ya soda anajua ni soda. Kazi za gundi ziweke siku mama yupo, siku za binti fanya za kushona na kung'arisha, na mpe kona yake yenye mkeka, upande upepo unakotoka. Ukishafanya hivyo, dada yako amebaki bila hoja.

Kuhusu nesi, nimeona aibu kwa niaba ya kazi yetu. Desemba 2021 serikali ilizindua, tena hapahapa Dodoma, programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto mpaka miaka 8. Wanasiasa walihutubia, vipeperushi vikagawiwa, na "malezi yenye mwitikio" ikawa ndiyo lugha ya semina. Mwitikio maana yake mtoto akitoa ishara kuna mtu anaijibu. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu huyo lazima avae kanga.

Safari ijayo usingoje kuelezwa. Kaa kwenye kiti, fungua kadi, uliza: "Uzito wake umepanda kiasi gani tangu mara ya mwisho? Vitamini A inayofuata ni lini? Dawa ya minyoo je?" Vitamini ni kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano, kwa hiyo swali lako lina jibu na nesi analijua. Akikuambia mama aje, mwambie: "Anayempikia ni mimi." Sema bila hasira. Nimewahi kuambiwa hivyo na baba mmoja, dereva wa lori, mwaka nisioukumbuka. Niliona haya, nikamweleza yote, na baada ya hapo sikumuuliza baba yeyote mama yuko wapi.

Hao wanaokuita yaya uwaache. Wewe zungumza na binti huku unashona. Mtajie kila kitu unachoshika: uzi, sindano, kisigino, kiatu cha mwalimu, kiatu cha polisi. Akisema "tatu" akimaanisha kiatu, mjibu "naam, kiatu", usimcheke. Akifika miaka miwili atakuwa na msamiati wa fundi na wateja watakuja kumsikiliza.

Bahi akatembee wikendi, alale siku moja, bibi yake amfurahie. Kuhamia, sioni sababu.

Assalaam aleykum mwenzangu. Nimetoka Kondoa na debe la alizeti, kunde, na chupa ya asali, kwenda kumwona mjukuu wangu Ilazo, ana miezi minane. Nimekuta binti yangu analea kwa simu. Kila nikisema neno anafungua simu ananionyesha daktari wa huko nje. Nilimlambisha mtoto asali kidogo, binti akapiga kelele kama nimempa sumu, mbele ya mumewe. Nimepanda basi asubuhi yake nimerudi. Mimi nimelea saba. Nimekosa nini?
— *Bibi wa Kondoa*

Waaleykum salaam mwenzangu. Nimecheka, kisha nimekuonea huruma, maana na mimi nina binti mwenye simu.

Kwenye asali amesema kweli. Mtoto asiyetimiza mwaka halambishwi, hata iliyo safi. Kuna vijidudu vinavyoweza kujificha ndani yake, tumbo la mkubwa linavishinda, la mtoto bado, na vikimpata vinamlegeza misuli mpaka ya kupumulia. Hatukufundishwa hilo tulipokuwa tunalea sisi. Kwenye kelele amekosa, na tena mbele ya mumewe. Hayo ni mambo mawili; usiliache la pili likufanye ulikatae la kwanza.

Nadhani hujaona alichokuwa anafanya na simu. Anaogopa. Mwenye uhakika hafungui simu kumwonyesha mama yake. Ulipofika na saba zako, alijiona na mmoja wake kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Na kule kwenye simu hakuna anayemfulia.

Rudi, usikae sana kwenye kinyongo. Ukifika, swali la kwanza liwe: "Nikushikie nini?" Akisema hakuna, chukua ufagio. Siku ya pili utamwona anakuuliza mwenyewe jinsi ulivyowalaza saba chumba kimoja. Kunde zako zipike mpaka zilegee, ziponde, mpe binti kijiko amlishe mtoto yeye, wewe ukae mbali kidogo.

Asali mpelekee mkweo wa kiume, apake kwenye mkate wake.